Gari inatetemeka ukifika 90: "tubadilishe hii kwanza tuone", tuone nini?

Haya ndio niliyoongea Jumamosi pale uani Kimara kwenye kikao chetu cha wenye magari ya zamani na madereva. Wengi hamkufika, wengine mlikuwa safarini wengine msibani, basi nimeandika yote kama nilivyosema pamoja na utani wake. Michoro ya ubaoni nimeiacha, bila ubao haieleweki.

Wazee wangu shikamooni. Vijana mambo. Akina dada leo mmekuja wengi kuliko kikao kilichopita, karibuni sana, na wewe uliyekuja na mtoto msogeze huku kwenye mwembe, jua linahamia hapo ulipokaa.

Tuanze na mikono. Nyoosha mkono kama gari yako mjini iko poa kabisa, ila ukishatoka Kibaha ukikanyaga ikafika 80, 90, 100 inaanza kutetemeka. Ehee. Usishushe. Sasa abaki na mkono juu yule ambaye ameshanunua spea kwa ajili ya huo mtetemo na bado mtetemo upo. Mnaona? Mikono iliyoshuka haifiki hata mitano, na mmoja wapo ni wa huyu bwana ambaye najua gari hana. (Kicheko.)

Sasa niulizeni, hizo hela zimeenda wapi? Zimeenda kwenye sentensi moja. Mnaijua. Fundi anainama, anashika tairi, analitikisa mara mbili, anajifuta mikono halafu anasema: "tubadilishe hii kwanza tuone." Tuone nini? Umeshindwa kuona sasa hivi gari ikiwa mbele yako, utaona nini baada ya mimi kulipa? Na mafundi wenzangu mlioko huko nyuma msininunie, mimi hiyo sentensi nimeisema miaka mingi kuliko baadhi yenu mlivyoishi, na nitaanza na aibu yangu mwenyewe ili msiseme nawasema nyinyi.

Kuna mwalimu mmoja wa sekondari alikuwa na GX100, Mark II ya mwaka 1998, gari safi ameitunza kama yai. Familia yake ilikuwa Morogoro, kila Ijumaa jioni anapanda, Jumapili anarudi. Akaniletea akasema fundi, ikifika 90 usukani unacheza, ikifika 115 unatulia. Nikashika tairi, nikatikisa, tairodi endi, ile jointi ya usukani, ina mchezo kidogo. Nikamwambia, tubadilishe hii kwanza tuone. Tukabadilisha zote mbili. Akaenda akarudi, akasema imepungua lakini ipo. Nikasema basi ni boltijointi, ile jointi inayoshika mguu wa gari, tubadilishe tuone. Imepungua, ipo. Nikamwambia mwalimu gari ya zamani hii, shokapu za mbele zimechoka. Shokapu zikanunuliwa, tena mwalimu akakopa. Safari hii ikatulia wiki mbili nzima, mimi nikatembea kifua mbele pale gereji, wiki ya tatu ikarudi ile ile.

Aliyetibu ile gari sio mimi. Ni kijana wa pancha pale Chalinze, hata miaka 20 nadhani alikuwa hajafika. Mwalimu alichomwa na msumari, kijana akapiga jeki, akalizungusha tairi kwa mkono akitafuta msumari, akasema mzee hili tairi lina nundu. Halikuwa nundu la pembeni lile ambalo kila mtu analiona, lilikuwa nundu la juu ya kashata, pale tairi linapogusa barabara, pana kama kiganja, limenyanyuka kidogo tu, ukisimama huwezi kuliona mpaka lizunguke. Nyaya za ndani zilikuwa zimeachana na mpira. Tairi la mtumba, na tarehe yake ilikuwa imeandikwa pale pale ubavuni 0809. Mnajua kuisoma? Tarakimu 4 za mwisho kwenye yale maandishi yanayoanza na DOT, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Wiki ya 8 ya mwaka 2009. Na sisi tulikuwa 2017. Mwalimu alinipigia simu kutoka Chalinze, hakunitukana, angenitukana ningejisikia nafuu.

Lakini kuna swali pale ambalo lilinisumbua sana na ndilo lililonibadilisha ufundi wangu. Kama kosa lilikuwa tairi, kwa nini kila nilipobadilisha kitu mtetemo ulipungua? Shikeni hapa, hapa ndipo hela zenu zinapopotelea.

Kwenye mtetemo kuna wawili. Kuna anayepiga na kuna anayeachia. Anayepiga ni kitu kinachozunguka: tairi, rimu, habu (pale rimu inapofungwa), diski, propela (shafti ndefu ya kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma), draivshafti (shafti fupi za kila gurudumu), injini. Kitu kisichozunguka hakiwezi kuanzisha mtetemo unaokuja na mwendo, haiwezekani. Tairodi endi inazunguka? Boltijointi inazunguka? Shokapu je, bushi je? Hazizunguki. Hizo ni zile zinazoachia, zikilegea zinaruhusu kipigo kutoka kwenye tairi kipite mpaka mkononi mwako. Ukiweka mpya unakuwa umemfungia mlango mpigaji, kelele inapungua, lakini mpigaji bado yuko nje anapiga, na zile spea mpya anazila taratibu. Simaanishi tairodi endi mbovu iachwe, hapana, hiyo ikichomoka ni msiba. Nasema usiinunue kama dawa ya mtetemo.

Na anapiga kwa nguvu kiasi gani? Nilichora ubaoni, hesabu ni fupi. Tairi ya 195/65R15 ambayo humu ndani ziko nyingi, ikizunguka mara moja inatembea kama mita 2. Gari ikiwa 100 kwa saa inakwenda karibu mita 28 kwa sekunde, kwa hiyo tairi inazunguka mara 14 kila sekunde. Sasa chukua gramu 30, kile kipande kidogo cha balansi kinachobanwa kwenye ukingo wa rimu, kikidondoka kwenye rasta za barabarani pale Mbezi hata husikii. Kwa mwendo ule hizo gramu 30 zinavuta kama kilo 4 na nusu, juu, chini, mbele, nyuma, mara 14 kwa sekunde. Ukirudi 50 inavuta kilo 1 na kidogo tu. Mwendo ukiwa mara mbili nguvu inakuwa mara nne, ndio maana mjini hukujua kama una tatizo.

Halafu mtu ananiuliza, fundi mbona nikizidisha 115 inatulia, si ina maana imepona? Haijapona. Umeshasukuma bembea? Mtoto ukimsukuma kwa kufuatisha anavyorudi, kidole kimoja kinatosha kumpeleka juu. Ukimsukuma haraka haraka bila kufuatisha, unachoka wewe na bembea haiendi. Miguu ya gari na yenyewe ina mwendo wake wa kubembea, gari nyingi ndogo iko kwenye mapigo kama 10 mpaka 15 kwa sekunde, sasa tairi ikifika hapo hapo zinalingana, gari zima linacheza. Ukipita zinaachana. Kwa hiyo wale mnaokanyaga ili "uvuke ile mtetemo", kipigo kimeongezeka, wewe tu ndio umeacha kukisikia.

Sasa nawapa kazi. Kabla hujaenda kwa fundi, nenda barabarani ukaihoji gari, na tafadhali usiihoji kwa 140, asije mtu kuniambia amepigwa tochi pale Mlandizi kwa sababu fundi alimtuma. Mwendo unaoruhusiwa unatosha, kwa sababu mitetemo mingi inaanza kujitaja kwenye 80 au 90. Barabara iwe nyoofu, nyuma yako kusiwe na basi, na uwe na mtu pembeni wa kuandika, usiandike wewe.

Unaihoji nini? Kwanza inatetemekea wapi. Ikiwa mikononi, usukani unacheza kushoto kulia, anza kuwatazama wapigaji wa mbele. Ikiwa kwenye siti, makalio ndio yanasikia na mikono haisikii, tazama nyuma. Ikiwa ni sakafu inavuma, miguu inakufa ganzi, kioo cha ndani kinaonyesha taa za nyuma mbili mbili, hapo wazia propela. Sio sheria ya Mungu, gari nyingine zinadanganya, lakini mara nyingi inakuwa hivyo.

Halafu toa mguu kwenye mafuta. Ikikata hapo hapo, na ukikanyaga inarudi, basi kuna kitu kinacholalamika kikibebeshwa mzigo. Kwa hizi zinazovuta mbele, Corolla, Noah za kuanzia mwishoni mwa 2001, IST, mara nyingi ni jointi ya ndani ya draivshafti, ile upande wa gia boksi. Wengi mnaijua ya nje tu kwa sababu ndiyo inayopiga ka ka ka ukikata kona. Ya ndani haipigi kelele, inaitingisha gari kushoto kulia unapokanyaga kupanda kilima, ukiachia inanyamaza. Dada mmoja hapa, hatumtaji anajijua, alibalansi tairi mara nne. Mara nne! Na kila mara gari inatikisika akikanyaga tu. Angeniambia hilo neno moja, "nikikanyaga tu", ningekuwa nimeshajua kabla hata sijafungua boneti.

Halafu kwa otomatiki za zamani zina kile kidude cha O/D, ovadraivu, gia ya juu kabisa, pembeni ya gia. Ukiwa 90 na inatetemeka, kibonyeze, mshale wa injini utapanda, mathalani kutoka 2,200 kwenda karibu 3,000, lakini mwendo wa gari uushikilie pale pale 90. Mtetemo haujabadilika? Basi injini haihusiki, tairi hazijui kama umebonyeza kitu. Mtetemo umebadilika au umehama? Basi geukia injini, plagi, koili, nozeli, mauntini (mipira inayobeba injini). Sekunde 10 zimekuambia nusu ya gari iko salama. Kuna fundi gani hapa mwenye mashine ya kufanya hivyo kwa sekunde 10?

Unaweza pia kuweka N sekunde chache ukaiacha iserereke. Sekunde chache, na ufunguo USIZIME. Nasema kwa herufi kubwa. Ukizima, usukani unakuwa mzito, breki inabaki na hewa ya kukanyaga mara moja au mbili, na ukizungusha ufunguo mpaka mwisho ukauchomoa usukani unajifunga. Juzi mtu aliniambia anazima ili "asikie vizuri". Utasikia vizuri kweli.

Mwisho wa mahojiano, kanyaga breki taratibu. Ikiwa ilikuwa imetulia na ikaanza kutetemeka pale tu unaposhika breki, hayo ni maneno ya diski, au ya ngoma za nyuma.

Na hapo kuna kisa cha vitunguu. Jamaa yangu anatoka Iringa, anashuka Kitonga. Mnaijua Kitonga, kona na mteremko, na huyu bwana alishuka yote mguu uko kwenye breki, gia hajui kama zipo. Akafika chini Ruaha Mbuyuni, akasimama kununua vitunguu. Hakuzima, hakuweka P, amekaa na D mguu kwenye breki, anabishana bei ya gunia kwa dakika kumi. Zile diski zilikuwa zinawaka. Pedi imeng'ang'ania sehemu moja ya diski iliyochemka, ikaacha alama yake pale, kama pasi ukiiacha juu ya shati. Kuanzia siku ile akishika breki kwenye 80 gari inatetemeka. Akaniambia diski zimepinda. Kila mtu anasema zimepinda. Mara nyingi hazijapinda kama sahani, zinakuwa na unene usio sawa, sehemu imejipaka pedi, sehemu imelika, na pedi ikipita pale inabana, ikipita kwingine inaachia. Na ni kidogo sana, kwenye Toyota nyingi diski inaruhusiwa kuyumba milimita 0.05, hiyo ni kama unene wa unywele.

Tukaenda kuchonga. Mafundi, kabla ya kuchonga someni namba iliyogongwa kwenye diski, imeandikwa unene wa mwisho, ikishuka hapo diski hiyo ni ya kutupa. Na ukirudisha, sugua kutu kwenye uso wa habu kwa brashi ya chuma mpaka ung'ae. Punje moja ya kutu pale katikati, huku ukingoni diski inayumba, umechonga bure. Mimi nimeshachonga bure, sitaki kusema mara ngapi.

Sasa niwape kisa ninachokipenda, cha Haisi. Haisi ya mizigo, ile ndefu, inakwenda Tanga kila wiki. Imebadilishwa klachi sehemu fulani, baada ya hapo ikifika 70 sakafu inavuma vuuu, ukizidisha dashibodi inapiga meno. Mwenyewe akaambiwa tairi. Akabalansi, sehemu tatu tofauti. Akaambiwa senta beringi, ile inayoshika propela katikati, akanunua Kariakoo, ikafungwa, ikavuma vile vile. Akaambiwa difu, lile boksi la gia la ekseli ya nyuma. Hapo ndipo alipoogopa, akaja kwangu anauliza bei ya difu ya mtumba.

Nikamuuliza swali moja tu, mzee, ilianza lini? Akasema tangu nibadilishe klachi. Ndugu zangu, "ilianza lini" ni kipimo cha bure na hakuna fundi anayekitumia! Klachi ukiibadilisha unashusha gia boksi, na kushusha gia boksi lazima utoe propela. Nikaingia chini na tochi, nikalala pale nikaitazama ile propela, nikaanza kucheka peke yangu.

Propela ya gari ile ni vipande viwili, na kipande cha nyuma kina krosi jointi, ile jointi yenye msalaba kati ya uma mbili, mbele na nyuma. Sasa krosi jointi ina tabia moja ya ajabu. Ukiizungusha ikiwa imepinda, upande wa kuingia unakwenda sawa sawa lakini upande wa kutoka hauendi sawa, unaharakisha, unachelewa, unaharakisha, unachelewa, mara mbili kwa kila mzunguko. Ndivyo ilivyo hata ikiwa mpya ya kwenye boksi. Dawa yake ni nini? Ni ile krosi ya pili. Zikifungwa uma zake zikitazamana, ya kwanza ikiharakisha ya pili inachelewesha, zinafutana, difu inapata mzunguko laini. Lakini katikati kuna meno, shafti inaingia ndani ya nyingine kama kisu kwenye ala, na meno yale yanakubali popote. Aliyeitoa hakuweka alama. Aliporudisha, akasukuma, ikaingia, akafurahi. Uma moja inatazama juu, nyingine inatazama pembeni. Badala ya kufutana zinasaidiana kufanya fujo.

Na propela haizunguki kama tairi. Difu ikiwa ya 4 kwa 1, tairi likizunguka mara 14 propela inazunguka mara 56 kwa sekunde, na fujo ya krosi ni mara mbili ya hapo. Ndio maana huisikii kama kutikiswa, unaisikia kama mvumo, unaingia masikioni, unaingia kwenye nyayo. Tairi inakutikisa, propela inakuvumia. Nikatoa boliti, nikaichomoa, nikaigeuza uma zikaangaliana, nikarudisha. Nusu saa, na sehemu kubwa ya hiyo nusu saa nilikuwa natafuta spana ya 14. Vijana mnaojifunza kazi, kabla hujachomoa propela piga mstari wa rangi au gonga alama kwa patasi, kwenye meno na kwenye flenji ya difu. Rangi ya kucha inatosha, waombeni dada zenu.

Basi nirudi kwenye tairi kwa sababu kesi nyingi zinaishia hapo. Kuna balansi na kuna duara. Mashine ya balansi inapima uzito tu. Tairi lenye nundu ukiliweka pale, ukaongeza vipande mpaka isome sifuri sifuri, limebalansi, na bado ni yai. Yai lililobalansiwa litakwenda vizuri? Kwa hiyo mtu akikuonyesha sifuri kwenye skrini mwambie asante, sasa lizungushe taratibu nilione kwa macho.

Na hizi spoti rimu. Kijana mmoja na IST yake, rimu nyeusi zinang'aa, mashine inasema sifuri, gari inatetemeka kama ina homa. Tukavua. Habu ya IST katikati ina milimita 54.1, rimu ile tundu lake la katikati ni 73.1, hizi za kununua dukani nyingi zimeachwa tundu kubwa ili ziingie kwenye gari nyingi. Panatakiwa pete ya plastiki pale katikati ya kuziba nafasi, na pete hazikuwepo, fundi aliyezifunga nadhani aliona ni takataka za kwenye boksi. Kwenye mashine rimu inashikwa katikati yake kabisa, kwenye gari imekaa upande kidogo. Pete nne tu za plastiki.

Hivi vingine napita haraka. Tope. Ukitoka shamba masika, tope linajibandika ndani ya rimu upande usioonekana, linakauka, kesho yake kwenye lami gari inatetemeka, osha na maji ya presha kwanza kabla hujampigia mtu simu. Gari iliyopaki miezi mitatu, tairi zinakaa bapa pale chini, kilomita za kwanza inatetemeka halafu inatulia, hiyo iache, jaza upepo tu. Alaimenti: alaimenti haitibu mtetemo, inatibu gari kuvuta upande na tairi kulika, kwa hiyo anayekuuzia alaimenti kwa sababu ya mtetemo anakuuzia kitu kizuri ambacho hukukiomba.

Na kipimo cha bure kuliko vyote: hamisha tairi. Za mbele peleka nyuma, za nyuma lete mbele, upande ule ule. Mtetemo ukihama kutoka mikononi ukaenda kwenye siti, umeshamkamata, yuko kwenye tairi au rimu, acheni kusumbua boltijointi. Usipohama, tairi hazina hatia, tafuta habu, tafuta diski, tafuta propela. Mwalimu wangu wa GX100 ningemfanyia hivi siku ya kwanza, asingekopa.

Jambo la mwisho na hapa sitanii. Mtetemo uliozoea, wa miezi, una muda wa kuuhoji. Mtetemo ulioanza leo, ghafla, njiani, SIMAMA. Usiseme nitafika Chalinze. Weka pembeni, washa hazadi, weka pembetatu, zunguka gari. Shika nati kwa mkono. Mara nyingi kama umetoka kuziba pancha muda sio mrefu, ni nati. Nilipigiwa simu usiku na mtu aliyezibiwa pancha jirani na Mlandizi, kilomita kama 30 mbele gari ikaanza kutikisika, akadhani barabara mbovu. Aliposimama nati mbili hazipo na tatu anazungusha kwa vidole. Watoto wako nyuma wamelala.

Nati zinafungwa kwa kuruka, kama unachora nyota, sio kwa kuzunguka, na gari ikiwa bado haijalala na uzito wote. Toyota ndogo nyingi inataka Nm 103 (nyutoni mita), kwenye spana ya torki. Huna spana ya torki? Hiyo 103 ni kama kuning'iniza kilo 10 na nusu mwisho wa bomba la mita 1. Sio kumpandisha kijana wa kilo 70 arukeruke juu ya spana, hivyo ndivyo mnavyokata boliti na kuyumbisha diski. Na ukishatembea kilomita 50 hadi 100 simama, kaza tena.

Maswali nitajibu tukiwa kule nje, maana kukaa kumechosha. Pale nyuma kuna RAV4 ya dada yetu, iko kwenye stendi, sio jeki tupu, stendi, na magurudumu ya nyuma yameshawekewa mawe. Anasema inacheza usukani kuanzia 85 na akishika breki haiongezeki. Sijaigusa. Chukueni kile kipande cha tofali pale mlangoni, kisimamisheni karibu na kashata ya tairi kiache nafasi ya kidole, halafu mmoja azungushe taratibu na wengine wote mwangalie hiyo nafasi. Anayeona inafungua na kufunga aseme. Na mtu yeyote akisema "tubadilishe tuone" analipia soda za wote.